Suzani yenye maua yasiyokutana: namna ya kuisoma na kuitunza

Swali: Nimepewa zawadi ya kitambaa cha kutarizi, urefu kama mita 2 na upana mita 1.6. Aliyenipa anakiita suzani na anasema kimetoka Uzbekistan. Mimi nimekipenda, lakini rafiki yangu ambaye ni fundi wa kushona anasema kazi ni mbovu: maua yamekatwa na maungio na nusu zake hazikutani, majani kadhaa ni ya bluu badala ya kijani, uzi mweusi wa pembeni mwa maua umepukutika, na katikati pameachwa patupu kana kwamba mshonaji alichoka. Pia kuna doa kubwa la hudhurungi. Je, hii ni kazi ya mkono kweli? Uzuri wake niutazame wapi? Na nikifue, nikitundike au nikifungie sandukuni?

Jibu: Ndugu msomaji, kati ya kasoro nne alizokutajia rafiki yako, mbili zinatokana na utaratibu wenyewe wa kutengeneza suzani na mbili ni matokeo ya kemia ya rangi. Hakuna hata moja inayoonyesha uzembe. Lakini pia hakuna hata moja ambayo peke yake inathibitisha kwamba kitambaa kilitariziwa kwa mkono. Kwa hilo itakubidi ufuate njia iliyopitiwa na sindano, na njia hiyo hiyo ndiyo itakayokuonyesha uzuri wenyewe. Aliyetarizi alikuwa na hariri ya kiasi, kitambaa chembamba na mchoro wa wino usiofutika, na kwa kila jani ilimpasa aamue uzi ulale upande gani, ukazwe kiasi gani na uishie wapi. Maamuzi hayo bado yapo mbele yako, yanasomeka.

Tandika shuka jeupe safi juu ya meza kubwa, karibu na dirisha lakini si penye jua la moja kwa moja. Nawa mikono, iache ikauke, usiipake mafuta. Vua pete, bangili na saa, maana hariri isiyosokotwa hunasa kwenye kitu chochote chenye ncha. Andaa kioo cha kukuzia cha mara 5 hadi 10, rula, utepe wa kupimia na penseli ya kuandikia unachokiona. Kalamu ya wino isisogezwe kwenye meza hiyo kabisa. Ukitazama usiku, inamisha taa mwanga upite ubavuni mwa kitambaa. Mwanga unaotoka juu huficha mengi, ila wa ubavuni huonyesha mshono ulioinuka, uliolegea na uliovutwa mno.

Sasa tuanze na maungio, kwa sababu ndiyo yaliyomkera rafiki yako zaidi. Pima upana wa kila ukanda kutoka mshono hadi mshono. Kitambaa cha asili cha suzani ni pamba iliyofumwa kwa mkono, karbos, na kwa kuwa kitanda cha mfumi kilikuwa chembamba, kanda nyingi zina upana wa kati ya sentimita 25 na 40. Suzani yenye ukubwa wa hiyo yako huhitaji kanda nne hadi sita. Kanda hizo ziliunganishwa kwanza kwa mishono mirefu ya muda, kisha mchoraji, aitwaye kalamkash, akachora pambo zima kwa kalamu na wino. Baada ya hapo maungio yalifumuliwa na kila ukanda ukaenda kwa mwanamke wake: mama, binti, shangazi, jirani. Kazi ilipokamilika, kanda zilirudishwa pamoja na kushonwa moja kwa moja.

Ndipo tofauti zinapojitokeza. Anayevuta uzi kwa nguvu hukunja kitambaa chake kidogo kidogo, na ukanda wa mita 2 ukaweza kufupika kwa sentimita moja au mbili. Anayelegeza uzi, ukanda wake hubaki na urefu ule ule. Zikikutanishwa, nusu ya kushoto ya ua hukaa juu kidogo kuliko nusu ya kulia. Rangi nayo hutofautiana, kwa sababu kila mmoja alikuwa na fungu lake la hariri na huenda alichagua nyekundu yake mwenyewe. Kwa hiyo kila maungio kwenye kitambaa chako ni mpaka kati ya mikono miwili. Jaribu kuitofautisha mikono hiyo kwa macho: ukanda upi una mishono iliyobana, upi umelegea, upi una mtu aliyependa kugeuza mwelekeo wa uzi kwenye kila petali. Mara nyingi ndani ya nusu saa utakuwa umejua ni watu wangapi waliokaa na kazi hiyo. Hakuna njia nyingine ya kuitazama suzani inayolipa zaidi ya hii.

Ila usiigeuze kuwa kanuni. Tangu mwisho wa karne ya 19 pamba ya kiwandani yenye upana mkubwa ilianza kutumika pia, na juu yake maua hukutana vizuri bila shida, nayo bado ni kazi ya mkono. Kutokutana kwa maua ni ushahidi mzuri, lakini kukutana hakumaanishi lolote.

Sasa chagua jani moja, si ua, kwa kuwa jani lina kingo mbili tu na ni rahisi kulifuata. Liweke chini ya kioo. Mshono unaotawala kwenye suzani nyingi huitwa basma. Uzi mrefu hulazwa kutoka ukingo mmoja wa jani hadi wa pili. Kisha uzi ule ule hurudi ulikotoka, na njiani hukaza kile kilicholazwa kwa vishono vidogo vya mshazari, kimoja kila baada ya milimita chache. Safu inayofuata hulazwa ikigusana na ya kwanza. Angalia vishono vya kukazia: kwenye kazi nzuri vya safu ya pili huangukia katikati ya nafasi zilizoachwa na safu ya kwanza, ili pasitokee mfereji unaokatiza jani. Mfereji ukitokea, uso wa jani hugawanyika na hariri hupoteza mng'ao hapo. Ukiona vishono vya kukazia ni virefu na vimelala sana kiasi cha kufanya mistari ya mshazari inayoonekana kwa macho, huo ni mshono wa jamaa yake, uitwao kanda khayol.

Endelea na jani hilo hilo. Tafuta mahali rangi inapobadilika ghafla, tuseme kijani iliyokoza ikawa kijani hafifu katikati ya safu. Hapo uzi uliisha. Fungu lililofuata lilipakwa rangi siku nyingine, katika maji mengine. Kisha angalia ncha ya jani: mtarizi mzoefu hupunguza urefu wa uzi polepole na kuufanya ugeuke pamoja na mkunjo, ilhali anayejifunza hujikuta na uzi unaotoka nje ya mstari wa wino, au wino ukabaki wazi nje ya hariri. Wino ukionekana ni jambo zuri kwako, kwa sababu unaonyesha alichotaka mchoraji na alichokiamua mtarizi. Mara nyingine havilingani: mchoraji alichora petali sita, mtarizi akaunganisha mbili zikawa moja.

Upande wa nyuma sasa. Suzani nyingi zimeshonewa bitana ya pamba, aghalabu yenye maua ya kuchapwa kiwandani, na pembeni zikazungushiwa utepe uliofumwa. Usiibandue yote. Tafuta mahali ambapo mshono wa bitana umekwisha kulegea, au fumua sentimita 10 tu kwenye pembe moja, kwa kukata uzi wa bitana na si kuuvuta. Utakachokiona kwenye basma ni vishono vifupi vilivyotawanyika kama nukta, huku hariri karibu yote ikiwa imebaki upande wa mbele. Hilo lilikusudiwa, kwa sababu hariri ilikuwa ghali na haikuwa na sababu ya kupotelea mahali pasipoonekana. Watu wengi wamefundishwa kwamba kazi nzuri ni ile ambayo nyuma ni safi sawasawa na mbele. Ni kipimo sahihi kwa utarizi wa pande mbili wa Suzhou, China, ambako uzi wa hariri hupasuliwa kuwa nyuzi nyembamba zaidi na miisho yote kufichwa. Kwa suzani hakifai. Nyuma ya suzani hupimwa kwa uchumi wake: je, uzi uliruka umbali mrefu kutoka ua hadi ua bila sababu? Je, miisho imepitishwa chini ya mishono mingine au imeachwa ikining'inia?

Kuhusu mashine, mambo ni rahisi kwa aina moja na magumu kwa aina mbili.

Rahisi ni mashine za leo zinazoongozwa na kompyuta, pamoja na cherehani ya kawaida. Zote hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini. Geuza kitambaa: ukiona uzi mmoja mweupe au mweusi unaopita katikati ya kila umbo nyuma, bila kujali rangi ya mbele, huo ni wa bobini. Mkono hutumia uzi mmoja, kwa hiyo rangi ya mbele na ya nyuma ni ile ile. Mara nyingi pia utakuta mabaki ya karatasi au kitambaa chepesi kilichowekwa nyuma ili kisijikunje wakati wa kushona, na kwenye kila mwanzo na mwisho wa umbo kuna mafundo madogo ya mishono mitatu minne iliyorundikana mahali pamoja.

Ugumu wa kwanza ni mshono wa mnyororo, ambao huko Bukhara, mji wa Uzbekistan, huitwa yurma. Kwa mkono hufanywa kwa kulabu nyembamba inayochoma kitambaa kutoka juu na kuvuta kitanzi cha uzi kutoka chini. Mashine ya mshono wa mnyororo ya Antoine Bonnaz, iliyopata hataza Ufaransa mwaka 1865, hufanya kitu kile kile kwa uzi mmoja, kwa hiyo hapa hakuna bobini ya kukusaidia. Tazama vitanzi. Vya mashine vinalingana kwa sentimita nyingi mfululizo, na umbo hujazwa kwa mzunguko usiokatika, kutoka ukingoni kwenda katikati. Vya mkono hubadilika ukubwa kwenye kona, na safu hukatwa na kuanzwa upya kila mtarizi anapoona mwelekeo mwingine utampa mng'ao bora.

Ugumu wa pili haukuhusu sana wewe, lakini utakutana nao ukianza kukusanya vitambaa vya Ulaya. Josué Heilmann wa Mulhouse alibuni mwishoni mwa miaka ya 1820 mashine yenye sindano za ncha mbili na tundu katikati, iliyochoma kitambaa na kurudi kama mkono, kwa uzi mmoja. Nyuma yake ni vigumu sana kuitofautisha na kazi ya mkono. Kinachoisaliti ni marudio: sindano zote ziliongozwa na mchoro mmoja, hivyo ua la kwanza na la kumi yana idadi ile ile ya mishono, na kosa lililomo kwenye moja limo kwenye yote, kwa umbali ule ule. Mkono hauwezi kurudia kosa kwa usahihi huo.

Tuje kwenye majani ya bluu. Kijani cha zamani hakikuwa rangi moja. Hariri ilitiwa njano kutoka kwenye mimea, kisha ikatumbukizwa kwenye nili, au kinyume chake. Nili hustahimili mwanga kwa muda mrefu sana, ilhali njano nyingi za mimea hupauka mapema, na njano ikiondoka kinachobaki ni bluu. Ukitaka kuthibitisha, angalia nyuma ya jani hilo hilo, chini ya bitana ambako mwanga haukufika. Ukikuta kijani, umepata rangi aliyoiona mtarizi mwenyewe. Jani la bluu mbele na kijani nyuma ni dalili nzuri pia ya rangi za mimea, ingawa si uthibitisho kamili.

Linganisha na zambarau na waridi kali. Rangi za kiwandani zilianza na William Henry Perkin huko London mwaka 1856, na miongo michache baadaye zilikuwa zimeshafika masoko ya Asia ya Kati. Nyingi za mwanzo zilikuwa dhaifu. Ukiona waridi iliyopauka kabisa mbele lakini inang'aa kwa ukali nyuma, au rangi iliyochuja na kuacha kivuli kwenye pamba iliyo pembeni yake, chukulia kwamba ni ya kundi hilo. Thamani ya kazi haishuki kwa hilo, ila kuna onyo: uzi huo utachuja tena ukiguswa na maji.

Uzi mweusi uliopukutika una kisa chake. Ili kupata nyeusi au hudhurungi iliyokoza, wapaka rangi walitumia vitu vyenye tanini, kwa mfano ganda la komamanga, pamoja na chumvi ya chuma. Chuma hicho huendelea kuila hariri kwa miongo mingi hadi inakuwa kavu na kuvunjika. Ndiyo maana kwenye kitambaa kimoja nyekundu imebaki nzima na nyeusi iliyo milimita moja pembeni yake imekuwa unga. Usijaribu kuishona upya kwa uzi mpya mweusi, maana sindano itatoboa pamba iliyokwisha dhoofika na kuvunja mabaki. Ukitazama kwa kioo utaona mashimo madogo yaliyoachwa na uzi huo, na ukiyafuata utaweza kuusoma mstari uliokuwapo.

Na katikati palipo patupu? Angalia kama pambo limezunguka pande tatu tu, upande wa nne ukawa hauna kitu, na eneo tupu likafanya umbo la tao. Kama ni hivyo, kitambaa chako ni ruijo, shuka la kitanda cha maharusi. Suzani zilitengenezwa kama sehemu ya mali ya bibi harusi, na zilikuwa za aina nyingi: za kutundika ukutani, za kufunika matandiko yaliyokunjwa mchana, za mito, za kuswalia. Ruijo ilitandikwa kitandani. Mahali pa kulala paliachwa pamba laini, nakshi ikakaa kwenye kingo zilizoonekana. Kwa hiyo hapakuachwa kwa uchovu. Kama pambo linazunguka pande zote nne, basi si ruijo, na uwanja mtupu wa katikati ni uamuzi wa mchoraji. Kazi za mji wa Nurata, kwa mfano, hupendwa hasa kwa nafasi zake: shada chache za maua kwenye kona, nyota katikati, na pamba nyeupe inayoachwa ipumue. Tashkent walikwenda upande mwingine kabisa, wakajaza kitambaa miduara mikubwa myekundu hadi pamba isionekane.

Hapa ndipo naona watu wengi hukosea wanapotaka kupenda vitambaa vya kutarizi: huchukua kipimo cha mahali pamoja na kukipeleka kwingine. Phulkari ya Punjab hutariziwa kutoka upande wa nyuma kwa kuhesabu nyuzi za kitambaa, bila mchoro wowote, kwa hariri isiyosokotwa. Rangi ni moja, lakini mshono uliolala wima na ule uliolala mlalo huakisi mwanga tofauti, na unaona dhahabu mbili kwenye uzi mmoja. Igeuze robo mzunguko na zitabadilishana. Hapo kutafuta mstari wa pembeni uliochorwa vizuri ni kazi bure. Kantha ya Bengali ni tabaka za sari kuukuu zilizoshikanishwa kwa mshono wa kawaida wa kupitisha, na mikunjo midogo inayofanana na mawimbi ndiyo uhai wake, kwa hiyo anayeipiga pasi anaiua. Kwenye vitambaa vya rafia vya Wakuba huko Kasai, Kongo, wanaume hufuma na wanawake hutarizi. Uzi wa rafia hupitishwa chini ya uzi mmoja wa kitambaa, hukatwa pande zote mbili ili usimame kama mahameli, na haufungwi fundo, kwa kuwa unashikiliwa na ubanaji wa kitambaa peke yake. Pambo hubadilika njiani bila mpango uliochorwa, na mabadiliko hayo ndiyo wajuzi hutafuta kwanza.

Kuna hesabu moja nakushauri uifanye kwa kitambaa chochote cha mkono, kwa sababu hubadilisha namna unavyokitazama. Chukua kazi ya mishono ya msalaba ya Palestina, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2021 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Tuseme kipande cha kifuani kina sentimita 30 kwa 35, kimejaa, na rula inaonyesha misalaba 6 kwa kila sentimita. Hiyo ni misalaba 36 kwa sentimita ya mraba, mara 1,050, sawa na misalaba 37,800. Kila msalaba huhitaji sindano ipite kitambaa mara nne, kwa hiyo ni mapito 151,200. Kwa kasi ya misalaba 6 kwa dakika ni saa 105, bila kuhesabu kutia uzi sindanoni, kufumua makosa na kupumzisha macho. Kwenye suzani yako hesabu vishono vya kukazia ndani ya sentimita moja ya mraba, mahali patano tofauti, kwenye kanda tofauti. Tofauti kati ya ukanda na ukanda zitakushangaza.

Tahadhari moja kama utanunua nyingine. Kitambaa kipya huweza kuchovywa kwenye chai au rangi ya kahawia ili kionekane cha kale. Sogeza uzi wa jani taratibu kwa ncha ya sindano butu na utazame pamba iliyo chini yake. Kwenye kitambaa kilichozeeka chenyewe, pamba iliyofunikwa na hariri aghalabu ni nyeupe kuliko iliyo wazi. Kwenye kilichochovywa, kahawia imeingia hadi chini ya uzi, na imekolea zaidi kwenye mikunjo na maungio ambako maji yalikawia.

Kuhusu doa lako na kufua: usifue. Doa la zamani la hudhurungi limekwisha kushikamana na nyuzi, na dawa yenye nguvu ya kulitoa ina nguvu ya kuharibu kilicho karibu. Dawa ya klorini ya kupaushia nguo huyeyusha hariri, na hilo si neno la kutia chumvi, kwa kuwa hariri ni protini na klorini huivunja. Sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kutoa madoa ya chakula nazo hushambulia protini. Hata maji matupu yana madhara mawili. La kwanza ni rangi kuchuja, na nyekundu ikishaingia kwenye pamba nyeupe hakuna wa kuirudisha. La pili ni kwamba pamba na hariri hazinywei kwa kiasi kimoja, kwa hiyo kitambaa kikikauka hujikunja kuzunguka kila ua.

Ukitaka kujua hali ya rangi zako, chukua kijiti chenye pamba nyeupe, kiloweshe kwa maji yaliyokenekwa, kibonyeze kwenye uzi mmoja upande wa nyuma kwa dakika moja, kisha kitazame. Rudia kwa kila rangi, na kila kivuli cha nyekundu kihesabu kuwa rangi yake. Rangi moja ikitoka, suala la kufua limekwisha. Zote zikitulia, bado kazi hiyo mwachie mhifadhi wa vitambaa wa makumbusho.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kutoa vumbi, na faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana chembe za vumbi zina kingo kali na hukata nyuzi kila kitambaa kinapokunjwa. Usikung'ute wala kupiga. Tandaza kipande cha wavu laini wa nailoni, kama wa chandarua, kingo zake zikiwa zimekunjwa na kushonwa zisikwaruze. Weka kifyonza vumbi kwenye nguvu ya chini kabisa, kishikilie sentimita 1 au 2 juu ya wavu, na usogeze polepole kwa mistari. Mahali ambapo nyeusi imepukutika paruke.

Kuhifadhi: usikikunje kwenye sanduku. Mkunjo unaorudi mahali pale pale huvunja hariri, na utakuja kukuta mistari ya msalaba iliyokatika. Kizungushe kwenye bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo cha sentimita 8 hadi 10, lililofunikwa kwanza kwa karatasi isiyo na asidi au kwa marekani isiyopaushwa iliyokwisha fuliwa bila dawa za kulainisha. Upande wenye nakshi uwe nje. Ukiwa ndani, hariri hubanwa na kujikunja. Funika tena kwa marekani, funga kwa utepe mpana, si kamba. Mfuko wa plastiki hunasa unyevu, na unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kuvu huanza. Ubao mtupu nao hutoa asidi, kwa hiyo bomba lisigusane na kabati moja kwa moja.

Ukiona vitundu vidogo au nyuzi za utando, nondo wameingia. Hao hula hariri na sufu. Kitie kitambaa kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili au zaidi, kisha kitoe, ukiache siku nzima kabla ya kufungua mfuko, ili unyevu ujikusanye nje ya mfuko na si juu ya hariri. Hapa tu ndipo plastiki inaruhusiwa.

Unaweza kukitundika, mradi si mwaka mzima. Makumbusho huwekea vitambaa vya aina hii mwanga wa karibu luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), ambao ni hafifu kuliko sebule nyingi mchana, kwa sababu uharibifu wa mwanga hujumlishwa na haurudi nyuma. Chagua ukuta usiopigwa na jua, mbali na jiko, na kitoe baada ya miezi mitatu kikapumzike gizani. Usitumie misumari, vibanio wala pete za pazia, maana uzito wote huangukia nukta chache na pamba huchanika hapo. Chukua velkro, utepe wa kunasana wenye upande laini na upande mgumu, yenye upana wa sentimita 5. Upande wake laini ushone kwanza kwa cherehani juu ya utepe wa pamba, kisha utepe huo uushone kwa mkono nyuma ya suzani, kwenye ukingo wa juu wote, kwa uzi wa pamba, ukipitisha sindano kati ya nyuzi za bitana na kitambaa bila kuzitoboa. Upande mgumu ubanwe kwenye ubao mrefu uliopigwa ukutani na kufunikwa kwa kitambaa. Ukipenda kukitia kwenye fremu, kioo kisiguse hariri; acha nafasi ya sentimita moja angalau.

Kabla hujakizungusha kwenye bomba, piga picha kila ukanda, mbele na pale nyuma ulipofumua, rula ikiwa pembeni. Kisha muulize aliyekupa: alikipata wapi, lini, kwa nani, na bitana ni ya awali au ilibadilishwa. Andika majibu kwa penseli kwenye utepe wa pamba, uushone kwa mishono miwili mitatu kwenye pembe ya bitana.